Mchanganyiko wa Idodi: Tahakiki ya Nuskha Tatu

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta katika kurasa hizi tahakiki ya diwani au ya utenzi. Leo naomba ruhusa yao nichambue andiko ambalo si shairi, na ambalo mwenyewe aliyelitoa hakupata hata siku moja kulidhania kuwa ni fasihi. Ni maelezo ya kurasa nne za daftari la shule, yanayohusu namna ya kutengeneza kitafunio cha bisi, karanga, njugu mawe na mbegu za maboga, kilichopikwa katika nyumba moja ya Idodi, mkoani Iringa, kwa vizazi vitatu. Nyumbani humo kitafunio hicho hakina jina la fahari. Huitwa mchanganyiko, basi.

Sababu za kuomba ruhusa hiyo ni mbili. Ya kwanza ni kwamba andiko hili lina tatizo lilelile tunalolijua katika mashairi ya kale: lilipokewa kwa mdomo kabla ya kuandikwa, lina nuskha zaidi ya moja, na nuskha hizo hazikubaliani. Ya pili ni nzito zaidi kwangu. Nuskha iliyo mbaya kuliko zote niliitengeneza mimi.

Idodi iko magharibi ya mji wa Iringa, kwenye njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964. Msomaji wa pwani anayedhani kuwa Iringa yote ni baridi na ukungu atashangaa akifika huko, kwani barabara huteremka kutoka nyanda za juu mpaka kwenye bonde la joto, lenye mibuyu, vumbi, na mashamba ya mpunga yanayonyweshwa kwa mifereji. Wengi wa visiwani walilisikia jina la Idodi kwa mara ya kwanza Agosti 2009, moto ulipoteketeza bweni la wasichana wa sekondari na kuua wanafunzi 12. Mimi nilikuwa nimeshalijua. Nilifika huko mara ya kwanza mwaka 1996 nikiwa mchuuzi wa nguo, na miaka miwili baadaye nikaoa katika nyumba ninayoizungumzia.

Aliyekuwa na mapishi hayo ni mama mkwe wangu. Yeye aliyapata kwa mama yake, ambaye kabla ya uhuru alikuwa yaya katika nyumba ya mwenye duka mmoja wa Kihindi mjini Iringa. Katika nyumba ile kilikuwa kikipikwa kile kitafunio cha Kigujarati ambacho sisi watu wa pwani tunakijua kwa jina la chauro: pepeta ya mchele, karanga, dengu, tambi za unga wa dengu, manjano, pilipili, chumvi, sukari kidogo, na kitu cha uchachu. Yaya aliporudi kwao Idodi kuolewa, alirudi na mapishi hayo kichwani. Hakuwa na pepeta wala tambi. Alikuwa na mahindi ya bisi, karanga, njugu mawe, mbegu za maboga, na mibuyu iliyosimama nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo mtu mwenye kazi ya tarjama hana budi kusimama. Mahali pa pepeta, ambayo ni nyepesi na hubeba viungo bila ya kujitia mbele, yaya aliweka bisi. Mahali pa dengu, ambazo ni ngumu na huvunjika menoni, aliweka njugu mawe zilizochemshwa kwa chumvi, zikaanikwa, kisha zikakaangwa. Mahali pa mafuta ya tambi aliweka mbegu za maboga. Na mahali pa ndimu aliweka unga wa ubuyu. Hakutafsiri neno kwa neno. Alitafuta kila kitu kilikuwa na kazi gani katika mchanganyiko ule, kisha akatafuta kwao kitu cha kuifanya kazi hiyo. Nimesoma tarjama nyingi za mashairi, zikiwemo zangu, na sikumbuki kuona nyingi zilizofanywa kwa akili iliyotulia kiasi hicho.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha nyumba za kupangisha, familia nyingi za Kihindi za Tanzania ziliondoka. Mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza Waasia wa Uganda. Kule Uingereza na Kanada, walikohamia wengi wao, mapishi hayohayo yalifanyiwa tarjama nyingine: familia nyingi zikatia, mahali pa pepeta, yale mahindi bapa ya kwenye boksi ambayo Wazungu huyala kwa maziwa asubuhi. Kwa hivyo mahindi yaliingia katika chauro kwa milango miwili isiyojuana, mmoja wa dukani Kanada na mwingine wa jikoni Idodi. Hakuna haja ya kuuliza ipi ni chauro ya kweli. Hata vilivyomo ndani ya mchanganyiko wa Idodi vingi ni wageni: mahindi, karanga, maboga na pilipili asili yake ni bara la Amerika, na vilifika Afrika baada ya safari za Wareno, manjano yametoka Asia. Wenyeji wa bara hili tangu asili ni njugu mawe na ubuyu.

Sasa tuzitazame nuskha zenyewe.

Nuskha ya kwanza ni ile ya mdomo. Niliisikia mara nyingi, nikiwa nimekaa kwa adabu ya mkwe, mbali kidogo na jiko, huku mama akiwaelekeza binti zake. Sifa yake kubwa ni kwamba haikuwa kitu kimoja kilichokamilika. Ilikuwa maelekezo yanayofuata kosa. Binti akizidisha moto, maneno yalikuwa ya moto. Akiharakisha, maneno yalikuwa ya subira. Siku ambayo hakuna aliyekosea, mama alipika karibu kimya, na anayetaka kujifunza aliondoka na machache. Ubora wa nuskha hii, basi, ndio udhaifu wake. Ilimhitaji mwenyewe awepo, na ilimhitaji mwanafunzi akosee mbele yake.

Nuskha ya pili ni daftari. Mwaka 2007 shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliketi na mama yake jioni tatu akaandika kila alichoambiwa. Wapenzi wa tenzi watakumbuka hapa *Utendi wa Mwana Kupona* wa mwaka 1858, ambamo mama mgonjwa anamtaka bintiye asogee karibu na wino na karatasi, amwachie maneno ya kumfaa. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona alikuwa bingwa wa utungo, akijua anachokiunda. Mama mkwe wangu alikuwa akizungumza tu, na shemeji alikuwa akiandika tu. Matokeo yake ni andiko lenye kasoro zinazoonekana mara moja. Chumvi inatajwa mara tatu na mara zote kana kwamba ni ya kwanza. Njugu mawe zinaanza kuchemshwa katika ukurasa wa kwanza na kusahauliwa hadi ukurasa wa tatu. Katikati ya maelezo ya karanga kuna habari ya jirani aliyeazima kikaango asirudishe. Vipimo ni konzi, sufuria, na ncha za vidole vitatu. Kiswahili chenyewe ni cha bara, chenye mwendo wa Kihehe chini yake: karanga "zinacheka", sufuria "inasikilizwa".

Nuskha ya tatu ni yangu. Mwaka 2008 kulikuwa na harusi katika familia, na shemeji akaniletea daftari akaniomba niliweke sawa, lichapwe na kutolewa nakala, kila mtoto wa nyumba ile apate yake. Msomaji afahamu nilikuwa mtu gani wakati ule. Sikupata kusoma sekondari. Kiswahili changu cha vitabuni nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi moja na diwani za kuazima, na mtu aliyejifunza kwa njia hiyo ana haja kubwa ya kuonekana amejifunza. Tena mimi ni mtu wa kisiwani, na sisi watu wa pwani tuna maradhi ya kusahihisha. Tukimsikia mtu wa bara anazungumza, masikio yetu hufika kwenye kosa kabla ya kufika kwenye maana.

Nikazifanya kurasa nne kuwa ukurasa mmoja. Nilipanga vitu kwa mfuatano, na hilo lilikuwa jema. Nilimwondoa jirani na kikaango chake, na hilo sijalijutia. "Zinacheka" nikaifanya "zinapopasuka". "Sikiliza sufuria, ikinyamaza epua" nikaifanya "kwa muda wa dakika tano". Konzi nikazifanya gramu. Kisha nikafuta sentensi sita ambazo niliziona ni porojo. Nakumbuka hesabu yake kwa sababu nilipomrudishia shemeji daftari lake nilimwambia kwa kujisifu kwamba nimelipunguzia mzigo wa sentensi sita. Alishukuru.

Nakala zile zikagawiwa, nazo zikakaa makabatini. Maadam mama alikuwa hai, hakuna aliyezihitaji. Kila mtoto aliyeondoka nyumbani kwenda shule ya bweni aliondoka na kopo la maziwa ya unga lililojaa mchanganyiko uliopikwa na mkono wa bibi. Kopo hilo lilikuwa na sharti lake: lidumu wiki kadhaa bila ya kulegea. Mama alifariki mwaka 2019. Mwaka mmoja baadaye mke wangu, hapa kisiwani, akaitoa nakala yake akapika kwa mara ya kwanza kwa kufuata maandishi.

Niseme wazi yaliyotokea. Punje nyingi za bisi hazikupasuka, na zilizopasuka zilianza kuungua. Karanga zilikuwa na rangi nzuri zilipotoka jikoni, zikawa chungu zilipopoa. Ubuyu uliganda mabonge, na siku ya pili mchanganyiko wote ulikuwa umelegea kama mkate uliolazwa nje. Mke wangu alionja, akasema, "Hii si ya mama." Hakuongeza neno. Baada ya kitambo akaniuliza, "Zile sentensi ulizozifuta, zilikuwa zinasema nini?"

Tahakiki hii ni jibu la swali hilo, kwa kadiri ninavyoweza kulijibu. Tulimpigia simu shemeji alitafute daftari. Lilikuwa ndani ya sanduku la mbao, na mchwa walikuwa wamelitangulia. Uliosalimika ni ukurasa wa nne. Yaliyobaki tumeyakusanya kwa kumbukumbu yake na yangu, na kati ya sentensi sita tumezipata nne.

Ya kwanza ilisema kwamba mahindi ya bisi hayapendi jua la siku ya tatu. Niliifuta kwa kuwa niliiona ni msemo wa kuchekesha: mahindi yanapendaje? Kumbe punje ya bisi hupasuka kwa sababu ndani yake mna maji kidogo, kiasi cha asilimia 14 ya uzito wake. Ikipata moto, maji hayo hugeuka mvuke, na ganda lake gumu huuzuia mvuke huo mpaka lishindwe. Punje iliyoanikwa kupita kiasi haina mvuke wa kutosha kuipasua; hukaa chini ya sufuria ikaungua. Mama hakuwa na habari ya asilimia. Alikuwa na siku tatu, na siku tatu za jua la Idodi zilimtosha.

Ya pili ilisema kwamba karanga iliyokunjamana au iliyogeuka rangi itupwe, hata kuku asipewe. Hii niliifuta nikidhani ni ukali wa wazee, kwani nani asiyejua kuchambua karanga? Leo nikiikumbuka naona haya. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huota kuvu, na kuvu hao hutoa sumu tunayoiita sumukuvu, ambayo kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mama alikuwa ameliweka onyo lile mahali pake hasa, kabla ya moto kuwashwa, na alitaja kuku kwa kuwa alijua tabia ya jikoni: kinachokataliwa na watu hutupiwa kuku, na kuku naye huliwa. Mimi nililitoa onyo hilo katika ukurasa uliokusudiwa watoto wake na wajukuu zake. Namshukuru Mungu kwamba nakala zangu zilikaa makabatini.

Ya tatu ilisema kwamba karanga ziepuliwe wakati bado hujaridhika nazo. Niliona ni maneno yasiyo na maana, maana mpishi huepua anaporidhika. Kila aliyewahi kukaanga karanga kwa makini anajua kuwa karanga huendelea kuiva kwa joto lililomo ndani yake hata baada ya kutoka motoni. Anayengoja rangi aipendayo ikiwa jikoni, ataikuta imepita ikiwa kwenye ungo. Sentensi ile ilikuwa inampinga mpishi katika dakika yenyewe anayojiamini zaidi.

Ya nne ndiyo iliyosalia katika ukurasa wa mwisho, nayo bado inasomeka chini ya mstari wa wino wangu. Inasema kwamba ubuyu usubiri nje kama mkwe, mpaka uitwe. Hii sikuifuta kwa ajili ya lugha. Niliifuta kwa sababu nilidhani nimetaniwa. Mkwe wa nyumba ile, aliyekuwa akikaa nje ya jiko akisubiri kuitwa, nilikuwa mimi, na sikutaka watoto wa shemeji zangu waisome. Bila shaka utani ulikuwamo. Lakini utani huo ulibeba amri: bisi za moto hutoa mvuke, na unga wa ubuyu ukikutana na mvuke hunywa maji ukaganda. Lazima kila kitu kipoe kabisa ndipo ubuyu uingie. Mabonge tuliyoyaona kisiwani yalikuwa ni adhabu ya mkwe asiyesubiri.

Ama kuhusu vipimo, kosa langu lilikuwa la kijinga zaidi. Nilipozigeuza konzi kuwa gramu, nilichota karanga kwa mkono wangu, nikazipeleka dukani kupimwa. Mkono wangu ni mkubwa. Wa mama ulikuwa mdogo. Sufuria ya bisi niliiacha ileile, na ncha za vidole vitatu za chumvi nikazifanya nusu kijiko. Kwa hivyo karanga na mbegu ziliongezeka, bisi zikabaki vilevile, na chumvi ikawa haiwatoshi wote. Neno mizani kwetu lina maana mbili, moja ya dukani na moja ya shairi, na katika kazi hii nilizivunja zote mbili kwa pamoja. Konzi, ncha za vidole na sufuria ya nyumbani vilikuwa mfumo mmoja, wa mwili mmoja na jiko moja. Ningeweza kuutafsiri mfumo huo, kama yaya alivyoutafsiri ule wa Kigujarati, lau ningeanza kwa kuuliza ni mkono wa nani.

Msomaji anaweza kusema kwamba funzo ni la zamani: kalamu huua kilicho hai, na mapishi, kama mashairi, yaachwe midomoni. Silikubali hilo. Muyaka bin Haji alifariki mnamo mwaka 1840, na mashairi yake mengi yalibaki vifuani mwa watu wa Mombasa kwa takriban nusu karne, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah na Mwingereza W. E. Taylor walipoyakusanya na kuyaandika. Diwani yenyewe ilichapishwa mwaka 1940. Bila ya waliokumbuka, na bila ya aliyeandika, tungekuwa na jina la Muyaka na sifa zake tu. Na katika habari yangu pia, kilichotuwezesha kupata chochote ni ukurasa ulioandikwa na shemeji. Mdomo ulikwenda na mwenyewe mwaka 2019.

Kwa hivyo hukumu yangu juu ya nuskha tatu ni hii. Ya kwanza ilikuwa bora ilipokuwapo, nayo haipo. Ya tatu ina lugha safi, mpangilio mzuri, na haipiki. Ya pili, yenye Kiswahili nilichokionea haya, yenye chumvi mara tatu na jirani asiyerudisha kikaango, ndiyo nuskha ya kutegemewa, kwa sababu mwandishi wake hakujiona ana haki ya kuchagua. Aliandika asilolielewa pamoja na alilolielewa. Mimi nilikuwa na elimu kidogo zaidi ya ile, ile ya kutosha kumfanya mtu aone porojo, isiyotosha kumfanya aulize porojo ile inafanya kazi gani.

Naamini jambo hili linatuhusu sisi wa mashairi kuliko wapishi. Mara ngapi tumepokea utungo wa mzee wa kijijini, tukasawazisha mizani yake, tukaondoa neno la lahaja ambalo halimo katika kamusi, tukafuta ubeti unaorudia, tukauchapa tukijipongeza kwamba tumeuokoa? Marudio tuliyoyafuta huenda ndiyo yaliyomsaidia mghani asipotee njia. Neno tulilolibadili huenda lilikuwa jina la upepo au la samaki ambalo halina jina jingine. Mhariri ana haki ya kupanga, hata ya kupunguza. Asingekuwa nayo, jirani wa kikaango angekuwamo hadi leo. Lakini mwenye kupunguza naahifadhi alichokipunguza, mahali ambapo mwingine anaweza kukiona. Mimi nilikuwa na daftari zima mkononi, na mashine ya kutolea nakala ilikuwa hatua chache kutoka nilipoketi. Nakala ya kurasa nne ingenigharimu pesa ya kikombe cha chai.

Wenye bibi, mama au shangazi wanaojua kitu, iwe ni tungo, dawa, ususi au kitafunio, nawaomba waandike kama alivyoandika shemeji. Waandike na vicheko, na matusi ya kuku, na wakwe wanaosubiri nje. Kusafisha kuna wakati wake, na anayesafisha anaweza kuja baada ya miaka hamsini, akiwa mtu mwenye masikio mazuri kuliko yetu.

Zimebaki sentensi mbili. Moja, kwa yakini, ilihusu mbegu za maboga. Ilikuwa baada ya kuzioshwa na kabla ya chumvi, na nakumbuka ilikuwa fupi. Ya pili sina hata harufu yake. Sijui ilikuwa katika ukurasa upi, wala ilinichukiza kwa lipi mpaka nikaipiga mstari. Mwaka jana shemeji alikuja kutuzuru, akaandika nakala mpya kwa mkono wake, maneno ya mama yakirudishwa kadiri tulivyoyapata, karanga zikicheka na sufuria ikisikilizwa. Baada ya mbegu za maboga aliacha mstari mmoja mtupu. Kisha akaniuliza, "Shemeji, na ule mwingine niuache wapi?" Sikuwa na la kumwambia, akauacha mwisho wa ukurasa.

Bisi sasa zinapasuka, karanga haziwi chungu, na ubuyu unasubiri. Lakini mbegu za maboga bado hazijakaa sawa: hukaza siku ya kwanza, na kufikia siku ya nne zinatafunika kama ngozi. Mke wangu ameshajaribu kuzianika kabla ya kuzikaanga, ameshajaribu kuzikaanga mbichi, ameshajaribu kuzilaza katika maji ya chumvi usiku kucha. Kila akijaribu huniletea chache kwenye kisahani nionje, akasimama kunitazama usoni, kama kwamba ladha yake itanikumbusha neno.